Sizoni ndefu za kifalme au tamthilia fupi za simu: uanze na zipi?

Katika tamthilia za Kichina, ukiona meza zinaandaliwa kwa karamu, jua kuna mtu ataumbuka mbele ya watu. Nimeangalia nyingi za aina zote mbili, zile ndefu za wafalme na masuria na hizi fupi za kutazama simu ikiwa wima. Mtu akiniuliza aanze na zipi, huwa namwanzishia hapo kwenye karamu, kwa sababu tofauti yote imo humo.

Karamu ya tamthilia fupi huenda hivi. Binti anaingia ukumbini na gauni la kawaida. Mama mkwe anamtolea maneno, wifi anammwagia mvinyo kifuani, na mume aliyemwacha amesimama pembeni na mwanamke mpya, wanacheka. Anapigwa kofi. Muziki unapanda, picha inaganda usoni kwake, sehemu imeisha. Unabonyeza inayofuata: mlango unafunguliwa, wanaume wenye suti nyeusi wanaingia kwa safu na kuinama mbele yake, kumbe ndiye binti pekee wa tajiri mwenye jengo lenyewe. Mama mkwe yuko chini kwa magoti. Tangu tusi mpaka malipo, hazijapita dakika tatu.

Sasa karamu ya Nirvana in Fire, tamthilia ya mwaka 2015 yenye sehemu 54. Ni sikukuu ya kuzaliwa ya mfalme. Miaka mingi nyuma jeshi la watu 70,000 liliangamizwa kwa kusingiziwa uasi. Lin Shu, kijana aliyenusurika, amerudi mji mkuu kwa jina la Mei Changsu, na sura nyingine, na mwili uliokwisha kwa sumu. Aliporudi karibu hakuna aliyemtambua, hata rafiki yake wa utotoni. Katikati ya karamu, dada wa mfalme anasimama na kusoma maungamo ya mume wake mwenyewe, aliyeshiriki njama ile. Hapigwi mtu. Mawaziri wanaanza kutoka kwenye nafasi zao mmoja mmoja, na kila anayetoka anasema anaunga mkono kesi ifunguliwe upya. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mfalme anawatazama, na kwa mara ya kwanza hana la kuwafanya. Ili ufike hapo umepita zaidi ya sehemu 50, na nilipofika nililia kwa sauti.

Zote mbili zinauza kitu kilekile, yaani haki ya mtu aliyedharauliwa. Ile fupi inakupa malipo. Ile ndefu inakuonyesha malipo hayo yamemgharimu nini anayeyadai. Ukishajua ni lipi unalitaka usiku wa leo, nusu ya kuchagua umeshamaliza.

Saa zako na pesa yako

Tuanze na hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapopigwa. Tamthilia fupi ya kawaida ina sehemu kati ya 60 na 100, kila moja dakika moja mpaka mbili. Ukiziunganisha zote unapata saa moja na nusu au mbili, urefu wa filamu moja. Nirvana in Fire, kwa dakika kama 45 kila sehemu, ni saa 40. Story of Yanxi Palace ya 2018 ina sehemu 70, yaani zaidi ya saa 52. Empresses in the Palace ya 2011 ina 76, na Ruyi's Royal Love in the Palace ina 87. Mwaka 2020 mamlaka ya utangazaji ya China iliwataka watengenezaji wasizidishe sehemu 40, na tangu hapo nyingi mpya zimepungua urefu.

Kwa mtu mwenye watoto na kazi, saa 52 zinatisha. Ila angalia upande wa mfukoni. Tamthilia nyingi ndefu zimewekwa YouTube na wenyewe, kwenye chaneli rasmi, bure, zikiwa na maandishi ya Kiingereza chini. Unachohitaji ni bando, au sehemu yenye wifi ya kupakulia. Zile fupi, kwenye programu kama ReelShort na DramaBox, hukupa sehemu chache za mwanzo bure, kisha mlango unafungwa pale hasa roho inapokuwa juu. Kutoka hapo ni kununua sarafu za ndani ya programu, kutazama matangazo ili ufunguliwe sehemu moja moja, au kujiunga kwa wiki. Kujiunga huko mara nyingi hujirudia wenyewe usipokuzima kwenye mipangilio ya simu, basi zima siku hiyohiyo unayolipa. Mtu anaweza kulipa pesa nyingi kwa saa mbili za fupi na asilipe chochote, ukitoa bando, kwa saa 40 za ndefu.

Na si bahati mbaya kwamba sehemu inakatika kofi likiwa hewani. Mwandishi wa tamthilia fupi anaanza kazi akijua ni sehemu ya ngapi mtazamaji ataombwa pesa, na hadithi nzima ya mwanzo inajengwa kuelekea hapo. Ni biashara kubwa mno. Mwaka 2024 soko la tamthilia hizi ndani ya China lilipita yuan bilioni 50, likayaacha nyuma mapato ya majumba yote ya sinema ya nchi ile. Haya siyasemi kuwabeza wanaozipenda. Ninayasema ili unapohisi huwezi kuacha kubonyeza, ujue kuna mtu aliketi akaupanga huo mkono wako.

Adui ana roho au hana?

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na nitakaa kidogo.

Katika Empresses in the Palace kuna suria anayeitwa Hua. Ana kiburi, anapiga wajakazi, anawaadhibu wenzake mpaka damu inamwagika. Kwa sehemu nyingi unaomba aanguke. Anaanguka kweli. Akiwa kafungiwa, kavuliwa vyeo vyote, stelingi wetu Zhen Huan anakwenda kumwambia siri moja: ubani wa pekee aliokuwa akipewa na mfalme kwa miaka yote, ule aliouona kuwa alama ya kupendwa kuliko wote, ulitiwa miski ili asipate mtoto. Mfalme aliiogopa familia yake yenye jeshi. Mwanamke yule alitaka mtoto kuliko kitu chochote, na aliyemnyima ni huyohuyo aliyekuwa akimpenda. Anajigonga ukutani na kufa. Mimi niliyekuwa namchukia nilikaa kimya, nikajikuta namwonea uchungu adui, na kumtazama stelingi kwa jicho jingine, kwa sababu amejifunza kuua kwa maneno.

Ukiwa umekulia pwani, au umekulia na taarabu popote ulipo, tamthilia hii itakuingia upesi. Masuria wale wanapigana kwa mafumbo. Anamsifia mwenzake nguo, na humo ndani ya sifa kuna mpasho uliokamilika kama wa ukumbini. Anayepigwa anatabasamu, anainama, anashukuru, na siku mbili baadaye analipiza kwa chai. Mtazamaji anapaswa kusikiliza, hawezi kuwa anapika huku akitupa jicho mara moja moja.

Tamthilia fupi haina nafasi ya kumpa adui moyo. Katika dakika moja na nusu lazima tusi litoke, litue, na lijibiwe. Kwa hiyo mama mkwe ni mbaya tangu anapotokea hadi anapopiga magoti, wala huambiwi aliolewaje yeye au alilia wapi. Inapofanya vizuri, inafanya jambo jingine ambalo ndefu haziwezi: inalenga uchungu mmoja na kuupiga katikati. Kuna moja iliyovuma China mwaka 2025 ya bibi mkuu wa ukoo, mwenye sura na mwili wa binti wa miaka 18, anayefika kwa wajukuu zake waliokwishapoteza mwelekeo na kuanza kuwanyoosha. Wazee wenye mvi wanasimamishwa mstari na binti, nao wanamwita bibi. Inachekesha, lakini chini yake kuna hamu ya kweli ambayo familia nyingi zinaijua, hamu ya kuona mkubwa aliyekufa akirudi siku moja tu kuamua ugomvi wa nyumba yake.

Wifi yangu, ambaye ana saluni na huangalia hizi fupi akisubiri mteja, aliniambia, "Wifi, mimi siku nzima natukanwa na wateja nanyamaza. Acha nione mmoja amepigishwa magoti." Sina cha kumjibu. Kwa mtu aliyechoka hivyo, kumwambia asubiri sehemu 53 ndipo haki itendeke ni kumwongezea mzigo.

Lakini kuna jambo linaloniudhi kwenye fupi nyingi, nami nalisema waziwazi kwa sababu mabinti wadogo wanaziangalia. Mwanaume anamshika mwanamke mkono kwa nguvu, anamsukuma ukutani, anamfungia ndani, anamdharau mbele ya watu, na mwisho wake haya yote yanaitwa mapenzi kwa kuwa ni tajiri na kumbe alikuwa anampenda tangu zamani. Hata serikali ya China imeliona: mwishoni mwa 2024 mamlaka ya utangazaji ilitoa maelekezo kuhusu hadithi za mabosi wababe, na kabla ya hapo, kuanzia mwishoni mwa 2022, zaidi ya tamthilia fupi 25,000 zilikuwa zimeondolewa kwa uchafu na ukatili. Zilizobaki bado zinahitaji mtu mzima karibu.

Zile ndefu nazo zina ukatili wake. Wajakazi wanachapwa mpaka kufa, mimba zinatolewa kwa sumu. Tofauti niliyoiona ni kwamba mara nyingi tamthilia inakaa na maumivu hayo, na anayeyatenda hapambwi kuwa mchumba wa ndoto.

Uani uleule, kazi mbili

Wengi hawajui kwamba aina zote mbili hutengenezwa mahali pamoja. Hengdian, katika jimbo la Zhejiang, kuna viwanja vya kupigia picha vyenye nakala ya Mji Uliokatazwa wa Beijing, ikulu ya zamani ya wafalme, na ndiko Story of Yanxi Palace ilikopigwa. Siku hizi watu wa tamthilia fupi wamejaa kule kiasi kwamba Wachina wamepatania jina jipya linaloashiria skrini ya wima. Kundi la fupi linaingia na kumaliza kazi nzima kwa wiki moja, pengine siku kumi. Wigi zinaonekana mshono, nguo ni za kukodi, na mfalme ana walinzi wanne tu.

Kwenye Yanxi mambo ni mengine kabisa. Hadithi inaanza mwaka wa sita wa mfalme Qianlong, yaani 1741. Wei Yingluo anaingia ikulu kama mjakazi wa kudarizi, ili ajue nani kamuua dada yake. Kwa kuwa ni mdarizi, tamthilia inazitazama nguo kwa jicho la fundi: nyuzi, rangi zilizopoa, maua ya hariri ya kuweka kichwani, sanaa ambayo mafundi wa Nanjing wanaiendeleza mpaka leo. Masuria wanavaa hereni tatu kila sikio, kama ilivyokuwa desturi ya Wamanchu, kabila la wafalme wale. Mtu anayependa kushona, kutarizi au hata kuchagua kitenge kwa makini atafaidi saa hizo 52 hata maandishi yakimpita.

Kihistoria, chukua kwa uangalifu. Malkia Fucha, mke wa Qianlong, alikuwepo kweli na alifariki 1748, akiwa safarini na mfalme. Kifo anachopewa kwenye tamthilia kimetungwa. Suria wa ukoo wa Wei naye alikuwepo, na mwanawe ndiye aliyekuja kuwa mfalme Jiaqing. Ugomvi, mapenzi ya siri na visasi ni vya waandishi. Nirvana in Fire haina mfalme wa kweli kabisa, nchi yake imebuniwa. Ukitaka uhisi mji wa zamani ulivyokuwa ukiishi, tafuta The Longest Day in Chang'an ya 2019: sehemu 48 zinazosimulia siku moja ya sikukuu ya taa mwaka 744, mfungwa aliyehukumiwa kifo akipewa saa chache auokoe mji. Masoko, vyakula, wageni kutoka Asia ya Kati, kelele za mitaa, vyote vimo.

Lugha, na nani uangalie naye

Watanzania wengi tuliingia kwenye tamthilia za Kichina kwa Kiswahili. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilirusha Doudou na mama wakwe zake, hadithi ya ndoa ya kisasa ya Beijing iliyotiwa sauti za Kiswahili, na ilipendwa hata Rais Xi Jinping akaitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. StarTimes nao wameendelea kutia sauti za Kiswahili kwenye tamthilia. Hata hivyo, zile kubwa za kifalme ninazozitaja hapa utazipata zaidi kwa maandishi ya Kiingereza, na Kiingereza chenyewe kimejaa vyeo: suria wa daraja hili, mke wa daraja lile. Mama yangu mzazi nilimsimulia sehemu kwa sehemu, na baada ya muda akawa anajua nani anamchukia nani kwa kuangalia tu mpangilio wa viti.

Fupi hazihitaji hata maandishi. Kofi linaeleweka kwa lugha zote. Ila huwezi kuziangalia na familia, skrini yenyewe ni ya mtu mmoja. Ukitaka kitu cha kukaa nacho sebuleni na wazazi au na mwenza wako, usiku baada ya usiku, mkibishana nani ana makosa, nenda kwenye ndefu moja kwa moja.

Kama bado unasita

Usiye na uvumilivu wa mwanzo mzito, anza na The Double ya 2024. Ni ndefu, sehemu 40, lakini mwendo wake umeazima kwa fupi. Katika sehemu ya kwanza tu mwanamke anazikwa akiwa hai na mume wake, anafukuka, na anarudi mjini kwa jina la binti mwingine kudai haki. Visasi vinakuja kwa kasi. Aliyecheza ni Wu Jinyan, yuleyule wa Yanxi, kwa hiyo ukimpenda una pa kuendelea. Kasoro yake ni kwamba baadhi ya maadui wanaanguka kirahisi mno, na baada ya kuiangalia niliona kiu bado ipo.

Ukishika Yanxi baada ya hapo hutapotea. Yingluo hamezi tusi, analijibu palepale au kesho yake, na hiyo ndiyo sababu mojawapo iliyoifanya itazamwe zaidi ya mara bilioni 15 kwenye iQiyi, mtandao wa video wa China, ilipotoka. Empresses in the Palace iache iwe ya tatu, ukishazoea kusoma nyuso.

Upande wa fupi, usianzie kwenye programu za sarafu. Anza na Escape from the British Museum ya 2023, iliyotengenezwa na vijana wawili wa mtandaoni, sehemu tatu tu, bure. Birika la jade lililowekwa kwenye jumba la makumbusho London linageuka binti, linatoroka, na linamwomba mwandishi wa habari Mchina amrudishe nyumbani. Ni fupi kuliko muda wa kupika wali, haina kofi hata moja, na inauma. Msomaji wa Kenya atakumbuka ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyochukuliwa na maofisa wa Kiingereza 1902 na kuwekwa katika jumba hilohilo tangu 1908. Mwishoni binti birika anafanya uamuzi nisiotaka kuwaharibia, lakini niliusikia kama unatuhusu.

Na kama una likizo, au mgonjwa wa kukaa naye kitandani wiki kadhaa, au tu moyo wa kusubiri, chukua Nirvana in Fire. Sehemu tano za mwanzo zitakuchanganya. Andika majina matatu kwenye karatasi: mrithi wa kiti, anayeshindana naye kwa jina la Yu, na Jing, mwana ambaye mfalme hamjali, ndiye yule rafiki wa utotoni. Wengine wote wapange chini ya hao watatu kadiri wanavyotokea. Kisha mwangalie Mei Changsu anapofikiri: vidole vyake vinasugua kitambaa cha nguo, tabia aliyokuwa nayo tangu utotoni, na Jing ana macho.